Masikio Mbele, Jembe Nyuma: Fratri na Ugomvi wa Kijiji

Kila mwaka mafratri wetu wanatumwa katika paroki za vijijini, wengine kwa mwezi mmoja wa likizo, wengine kwa mwaka mzima wa staji. Huko hawafundishi katekisimu tu. Wanatengeneza chemchemi pamoja na vijana, wanapanda miti, wanachimba njia, wanapika matofali ya shule. Hawalipwi, wala hawaombi malipo. Ni kazi njema, nayo Eklezya imeihimiza waziwazi, hasa tangu Papa Paulo VI alipotoa barua yake Populorum Progressio, tarehe 26 Machi 1967, juu ya maendeleo ya mataifa.

Katika seminari tunajifunza filozofia, teolojia na sheria za Eklezya. Mambo ya simenti tunaweza kujifunza kwa fundi. Lakini mambo ya ugomvi wa kijiji, nani anatufundisha? Mara nyingi tunajifunza kwa kukosa, na wanaolipa kosa letu si sisi. Ndiyo sababu naandika makala haya. Neno langu ni moja tu: kazi inayoanza kabla ya kusikiliza ugomvi wa mahali, yenyewe inaingia ndani ya ugomvi huo, hata kama aliyeileta ana moyo safi.

I. Kosa langu mwenyewe

Nilikuwa fratri wa staji katika paroki moja ya Bushi, Kivu ya Kusini. Milima ya pale ni mikali, na mvua ikinyesha udongo unatelemka bondeni kama uji. Tulikuwa na pepinieri ya miti ya grevilea, na mimi nilikuwa na kikundi cha vijana ishirini wenye nguvu. Nikaona shamba la mama mmoja mjane, lililokuwa linaliwa na maji kila msimu. Nikamwambia: «Mama, tutakupandia miti kwa mistari, mizizi itashika udongo wako.» Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: «Kama fratri anasema ni vizuri, basi ni vizuri.» Mimi nikahesabu kule kunyamaza kuwa ni kukubali. Jumamosi tukapanda miti sitini, tukaimba, tukarudi misioni na furaha.

Siku ya nne, miti yote sitini ilikuwa imeng'olewa na kulazwa kando ya njia, mmoja mmoja, mizizi juu. Mwenye shamba, kwa maana shamba halikuwa la yule mama, alikuja na ndugu zake wawili akamwambia atoke. Maharagwe yalikuwa yameanza tu kutoa maua, hakungoja mavuno. Vijana wangu walitaka kwenda kumpiga. Lakini wanne kati yao walikuwa wa ukoo wake. Basi kikundi kikapasuka vipande viwili. Jumapili iliyofuata, watu wa nyumba ile hawakuja Misa.

Nilikwenda kwa mama nikiwa tayari kumlaumu yule mtu. Mama hakumlaumu. Alisema: «Fratri, kila mtu hapa alijua. Wewe hukuuliza.» Neno lile sijalisahau mpaka leo.

II. Mti unasema nini?

Nilipokwenda kwa wazee, nikiwa nimechelewa, ndipo nilipofahamu. Katika Bushi mtu anapata shamba kwa njia nyingi, lakini tatu ndizo zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anatoa ng'ombe au kitu kingine kwa mwami au kwa mkubwa wa mlima, anapewa shamba, nalo linabaki kwa watoto wake, mradi wanaendelea kumheshimu aliyewapa.

Ya pili ni bugule, yaani kununua kwa feza.

Ya tatu ni bwasa, yaani kukodi kwa msimu mmoja au zaidi kidogo, na kulipa kwa feza, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi. Mwenye bwasa ana ruhusa ya kupanda maharagwe, mahindi, viazi. Hana ruhusa ya kupanda migomba, wala kahawa, wala miti. Kwa nini? Kwa sababu mmea wa miaka mingi ni ushuhuda. Anayepanda mti anasema: «Mimi ninakaa hapa.»

Yule mama alilima kwa bwasa, kama wanawake wengi wanavyofanya, kwa kuwa desturi haikumpa mwanamke kalinzi. Mimi nilimpandia miti sitini. Katika masikio ya mwenye shamba, mama alisema mara sitini: «Shamba hili ni langu.» Mimi nilizungumza juu ya udongo, yeye akasikia juu ya urithi.

Tena hofu yake haikuanza siku ile. Mwaka 1928 ilianzishwa Comité National du Kivu, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa yalitolewa kwa Wazungu wenye plantasioni za kahawa, chai na kwinini. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi ni mali ya Leta. Juu ya mashamba ya desturi, sheria ile iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki za wenyeji. Makumi ya miaka yakapita bila amri hiyo. Hivyo shamba moja linaweza kuwa na wenyewe watatu: mmoja kwa desturi, mmoja kwa karatasi ya ofisi, mmoja kwa jasho lake. Mtu aliyeona babu yake akinyang'anywa mlima hawezi kumwona mgeni akipanda mti na kubaki mtulivu.

Na jambo hili si la miti peke yake. Mpangaji akichimba mitaro ya kuzuia maji, shamba linapata rutuba. Mwenyewe akiliona limekuwa zuri, analirudisha mikononi mwake. Ukijenga chemchemi kwa simenti katika shamba la mtu, watu watauliza: maji ni ya nani sasa? Ukinyoosha njia, utakata migomba ya nyumba fulani na kuiacha ya nyumba nyingine. Kila jembe linagusa haki ya mtu.

III. Kazi ya bure ina kumbukumbu yake

Tunajisifu kwamba tunafanya kazi bila mshahara. Tusishangae basi wazee wakitutazama kwa mashaka. Katika nchi yetu, maneno «kazi ya kijiji» yana historia ndefu. Tangu 1917 Wabelgiji waliwalazimisha watu kulima mazao yaliyotakiwa na Leta, kama pamba. Sheria ya 1933 ilipima kazi za lazima kwa siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Katika miaka ya 1970 ikaja salongo: kila mtu atoke na jembe, na asiyetoka aadhibiwe. Mara nyingi aliyelima hakula, na aliyekula hakulima.

Kwa hiyo, fratri anaposimama mbele ya watu na kusema: «Ndugu zangu, tujitolee», mzee anauliza moyoni: safari hii nani atakula? Tena anafikiri kwamba mgeni huyu amebeba feza ya watu wa mbali, na kwamba sehemu yake imekwisha kuingia mifukoni. Uvumi wa namna hii unatosha kuvunja kijiji. Dawa yake ni moja: hesabu ya wazi. Simenti mifuko mingapi, tiyo mita ngapi, imetoka wapi, imewekwa kwa nani. Hayo yasomwe mbele ya watu wote. Tena si kanisani tu baada ya Misa, kwani Waprotestanti, Wakimbangisti, Waislamu na wasiosali wanakunywa maji yale yale.

IV. Basi tufanyeje?

Nitasema mambo sita. Sikuyapata yote katika vitabu. Mengine nimefundishwa na makatekista wazee, ambao ni mabingwa wa jambo hili kuliko sisi.

1. Tembea kwanza, uliza kwanza. Juma la kwanza, na la pili kama inafaa, usishike jembe. Pita na katekista njia zote za mlima. Uliza: Shamba hili ni la nani? Nani analilima? Kwa kalinzi, kwa bugule, kwa bwasa? Nani anateka maji hapa, na nani aliacha kuteka, na kwa nini? Uliza watu mbalimbali, kila kundi peke yake: wamama, vijana, wapangaji, wenye mashamba, kapita, Wambuti kama wapo. Mbele ya mwenye shamba, mpangaji hatakuambia ukweli. Mbele ya mume, mke atanyamaza. Na mtu akinyamaza, usihesabu kwamba amekubali. Kunyamaza ni jibu ambalo bado hujalifahamu.

2. Pima yanayogawanya na yanayounganisha. Mwalimu mmoja Mmarekani, Mary B. Anderson, alitoa kitabu mwaka 1999 juu ya misaada katika nchi zenye vita. Fundisho lake ni rahisi: katika kila mahali pa ugomvi kuna mambo yanayogawanya watu na mambo yanayowaunganisha, na msaada haukai kamwe nje ya hayo mawili, unatia nguvu moja au jingine. Kwa hiyo jiulize: robine itawekwa upande wa nani? Fundi na wabeba mchanga watatoka ukoo gani? Mkutano utafanyika katika uwanja wa nani? Kisha tafuta yale yanayounganisha: soko moja, likelemba ya wamama, desturi ya kuzikana, shule ambamo watoto wa pande zote wanasoma. Chemchemi iliyoombwa na likelemba ya wamama wa koo mbili ina walinzi tangu siku ya kwanza.

3. Kamati isiwe koro yako. Fratri mara nyingi anachagua wale anaowajua: vijana wa koro, watoto wa katekista, Wakristu wa shirika lililo karibu na misioni. Ni watu wema, lakini kijiji kitasema: kazi ni ya wale. Tukumbuke sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wakristu wa lugha ya Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliomba jamii nzima ichague watu saba, na majina ya wale saba, tangu Stefano, yote ni ya Kigiriki. Kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa upande ule uliolalamika. Nasi tufanye vile: anayenung'unika aingie ndani ya kamati, ahesabu mifuko ya simenti kwa mkono wake mwenyewe.

4. Masikilizano kwanza, simenti baadaye. Yaandikwe kwa lugha ambayo watu wanaisikia, yasomwe kwa sauti, watie mkono mwenye shamba, wanaotumia, mkubwa wa mlima na mashahidi wa pande zote. Kila upande ubaki na karatasi yake. Kwa chemchemi, yasemwe mambo manne: ardhi inabaki ya nani, njia ya kwenda majini inapita wapi, nani anatoa feza ya kutengeneza tiyo likivunjika, na mikaratusi ya juu ya chemchemi, inayokunywa maji mengi, itakatwa au itabaki. Kwa miti katika shamba la bwasa, yasemwe matatu: miti ni ya nani, matawi ya kuni ni ya nani, na mpangaji atalima miaka mingapi bila kufukuzwa. Karatasi hii si hati ya Leta. Lakini siku ambapo watu watakuwa wamekasirika, itawakumbusha walichosema walipokuwa watulivu.

5. Ugomvi ukiwaka, usiwe jaji. Wewe ni mgeni, tena kijana. Hukuitwa kusambisha watu. Simamisha kazi. Kusimamisha kazi si kushindwa. Mfereji unaweza kungoja mwezi mmoja, bali kidonda cha panga hakingoji. Sikiliza kila upande nyumbani kwake, urudie maneno yake mpaka mwenyewe aseme: «Ndiyo, ndivyo nilivyosema.» Usibebe maneno ya nyumba moja kuyapeleka nyumba nyingine. Usinywe kasiksi kwa mmoja tu. Ukinywa kwa huyu, unywe na kwa yule, au usinywe kwa yeyote. Usikubali kuku wala mbuzi wakati shauri halijakwisha, hata ukiambiwa ni desturi ya kumpokea mgeni. Kisha uwapelekee wazee wanaokubaliwa na pande zote mbili, nao waite baraza. Kazi yako katika baraza ni kukaa chini na kutazama.

Kwa ndugu zetu mapadri naongeza neno moja. Mpatanishi anaweza kuwa pia ndiye anayewaungamisha watu wale wale. Kanuni 983 na 984 za Sheria ya Eklezya ya 1983 ziko wazi: siri ya kitubio haivunjwi kwa namna yoyote, wala padri hawezi kutumia aliyoyasikia pale kwa kumdhuru mwenye kutubu. Hata kugeuza uso barazani kwa sababu ya yale uliyosikia katika kitubio ni hatari. Kama huwezi kuyatenga mambo hayo mawili, mwombe padri mwingine aende barazani.

6. Ujue mpaka wako. Kuna ugomvi wa mipaka ya shamba, na kuna ugomvi wenye bunduki nyuma yake. Tangu vita ya 1996, katika Kivu mara nyingi mtu mwenye shauri dogo ametafuta rafiki mwenye silaha ili alimalize haraka. Ukiona dalili hiyo, usijifanye shujaa. Mwambie paroko siku ile ile. Yeye atazungumza na Tume ya Haki na Amani ya jimbo. Usiandike orodha ya majina katika daftari lako, kwani daftari linaweza kuanguka katika mikono mibaya na kuua watu. Ukiambiwa urudi misioni, rudi. Tena kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa mbuzi chini ya mti: damu iliyomwagwa, na mwanamke au mtoto aliyetendewa jeuri. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinadai wenye jeuri ya namna hiyo wapelekwe mbele ya tribunali. Mzee akikuomba uwe shahidi wa «kupatana» kwa jambo kama hilo, kataa kwa heshima, umsaidie aliyeumizwa kufika kwa daktari na kwa sheria.

V. Visima vya Izaka

Ndugu fratri pengine atasema: mambo haya yote yanachelewesha kazi, na watoto wanakunywa maji machafu leo. Ni kweli, na shida hiyo ni kubwa. Lakini tusome tena sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo. Watumishi wa Izaka walichimba katika bonde la Gerari, wakapata maji mazuri. Wachungaji wa pale wakasema maji ni yao. Izaka akakiita kisima kile Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, wakakigombania pia, akakiita Sitna, maana yake uadui. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehoboti, maana yake nafasi.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Izaka aliupa ugomvi jina lake. Hakusema kwamba kwa kuwa maji ni mema, basi hakuna tatizo. Sisi mara nyingi tunaogopa kuutaja ugomvi, tunaufunika kwa nyimbo na simenti. Pili, Izaka alikuwa na nafasi ya kuhama; katika milima yetu nafasi hiyo haipo, kwa maana hatua tano mbele ni shamba la mtu mwingine. Sisi tunabaki na njia ile nyingine inayosimuliwa mwishoni mwa sura. Abimeleki, mkubwa wa nchi ile, alikuja kwa Izaka. Wakala pamoja, na asubuhi wakaapizana, wakaachana kwa amani. Na siku ile ile, Maandiko yanasema, watumishi wakaja kumwambia Izaka kwamba wamepata maji. Masikilizano yalitangulia, habari ya maji ikafuata.

Kumalizia

Wasomaji watauliza mwisho wa yule mama. Sitawadanganya. Shamba lile hakulipata tena. Mimi na katekista mzee tulikwenda kwa mwenye shamba mara tatu. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alitupa viti, akanyamaza. Mara ya tatu nikamwomba msamaha, si kwa niaba ya mama, kwa kuwa mama hakumkosea, bali kwa niaba yangu. Ndipo akasema habari za baba yake na plantasioni ya kwinini. Msimu uliofuata alimpa mama kipande kingine cha bwasa, kidogo kuliko cha kwanza, karibu na mto. Alilipa kama wengine wanavyolipa.

Miti tulipanda tena mwaka ule, michache. Tulipanda mipakani, kwa karatasi iliyosomwa barazani: mti ni wa mwenye shamba, matawi ni ya mpangaji, na mpangaji analima misimu sita bila kuondolewa. Wenye mashamba saba walitia mkono. Wengine walikataa, na hatukuwalazimisha.

Ndugu fratri, utakapofika kijijini watakupokea kwa nyimbo na kukuonyesha mahali pa kuchimba. Furahi nao. Kisha weka jembe nyuma ya mlango, mwite katekista mzee, umwulize: «Baba, hapa ni kwa nani?» Uwe na subira mpaka amalize kujibu.